Swapu si mchawi: jinsi Linux inavyogawa kumbukumbu kwenye seva ya hifadhidata

Mtu akilalamika kwamba seva yake ya hifadhidata imekuwa nzito, hakawii kupewa dawa ile ile: zima swapu, ile sehemu ya diski inayopokea kurasa za RAM. Mwingine atamwambia aweke vm.swappiness, mpangilio wa Linux unaohusu swapu, iwe 0. Wa tatu ataangalia matokeo ya amri ya free, inayoonyesha matumizi ya RAM, aone zimebaki megabaiti mia chache, kisha amshauri anunue RAM nyingine. Kila mmoja ana chembe ya ukweli mkononi, na ndiyo maana ushauri huu haufi. Lakini ukiufuata bila kujua kinachotendeka ndani, unaweza kuitoa seva kwenye hali ya kuchelewa kidogo ukaiingiza kwenye hali ya kuuawa katikati ya miamala, tena saa ambayo watumiaji ni wengi.

Swapu mara nyingi hubebeshwa lawama ya kosa lililofanyika kwingine: hifadhidata imeruhusiwa kudai kumbukumbu kuliko iliyopo. Mipangilio ya mfumo endeshi inasaidia, na nitaieleza, ila inakuja baada ya hesabu. Mifano nitaitoa kwenye Linux, pamoja na programu za hifadhidata za PostgreSQL na MySQL.

Tuanze na maneno

RAM ni kumbukumbu ya kazi: ina kasi, ni ghali, na kilichomo hufutika umeme ukikatika. Diski ndiyo hifadhi ya kudumu. Kusoma kitu kilichomo kwenye RAM huchukua kama nanosekunde 100. Kukisoma kwenye SSD ya NVMe, diski ya kasi isiyozunguka, huchukua makumi ya maikrosekunde hadi mia moja hivi, yaani mara mia kadhaa hadi elfu moja zaidi. Diski ya kuzunguka huhitaji milisekunde kadhaa, na hapo tunazungumzia makumi ya maelfu ya mara.

Kiini cha mfumo endeshi ni ile sehemu ya Linux inayoamua nani apate kumbukumbu, kiasi gani na lini. Hakigawi baiti moja moja. Hugawa kwa vipande vya kilobaiti 4 viitwavyo kurasa. Swapu nayo ni eneo kwenye diski, liwe kizigeu chake au faili la kawaida, ambalo kiini hulitumia kuhifadhi baadhi ya kurasa zinapoondolewa kwenye RAM.

Nimesema baadhi ya kurasa kwa makusudi. Kurasa ziko za aina mbili, na anayeziona tofauti zake ameshavuka nusu ya mkanganyiko. Fikiria meza ya karani. Juu yake kuna nakala za nyaraka ambazo asili zake ziko kabatini, na kuna karatasi alizoziandika mwenyewe kwa mkono, ambazo hazipo popote pengine. Meza ikijaa, nakala anaweza kuzitupa bila wasiwasi, maana akizihitaji atarudi kabatini. Karatasi za mkono hawezi kuzitupa. Lazima apate droo ya kuziweka. Droo hiyo ndiyo swapu. Sasa mnyang'anye droo. Karatasi zake za mkono zitabaki mezani daima, hata zile alizoziandika asubuhi na hatazigusa tena, na kila anapotaka nafasi atalazimika kutupa nakala, zikiwemo zile anazozisoma kila dakika.

Kwenye seva, nakala ni kurasa zilizosomwa kutoka kwenye mafaili: data za jedwali, faharasa, hata msimbo wa programu yenyewe ya hifadhidata. Karatasi za mkono ni kumbukumbu ambazo programu imeziomba kwa ajili ya kazi zake: eneo la kupangia matokeo ya swali, taarifa za kila muunganisho, na ile kache kubwa, yaani akiba ya data zinazotumika mara kwa mara, ambayo hifadhidata hujitengea. Hizi hazina faili nyuma yake. Bila swapu, hazina pa kwenda.

Ndiyo maana seva isiyo na swapu inaweza kusagika vile vile kama yenye swapu. Kumbukumbu ikibana, kiini kinatupa kurasa za mafaili, dakika hiyo hiyo kinazihitaji, kinazisoma upya kutoka kwenye diski, kinazitupa tena. Grafu ya swapu inasoma sifuri, diski inafanya kazi bila kupumua, na msimamizi anabaki akijiuliza tatizo liko wapi wakati swapu alishaizima.

Kusoma free bila kutishika

Tuseme una mashine ya gigabaiti 64, PostgreSQL imetengewa 16 kwenye shared_buffers, kache yake inayotumiwa na michakato yake yote. Baada ya siku chache za kazi, free -h inaweza kukuonyesha kwamba safu ya free ina 0.6, buff/cache ina 52, shared ina 16, na available ina 35 hivi. Wengi huishia kwenye 0.6 wakaingiwa na hofu. Safu hiyo haina maana kubwa. Linux haipendi RAM ikae bure; kila kipande kisichotumika hujazwa nakala za mafaili, kwa sababu nakala hiyo inaweza kutupwa papo hapo mwenye haja akitokea. Safu ya kutazama ni available, makadirio ya kiini chenyewe ya kiasi kinachoweza kutolewa bila kugusa swapu. Makadirio hayo yalianza kutolewa na kiini kuanzia toleo 3.14 la mwaka 2014.

Kuna jambo moja hapo ambalo huwapotosha hata wazoefu. Wapo wanaojua kwamba kache hutupika, kwa hiyo wanajumlisha free na buff/cache wanapata 52.6, wakadhani wana nafasi ya kiasi hicho. Hawana. Kumbukumbu ya pamoja inayotumiwa na PostgreSQL huhesabiwa ndani ya buff/cache, na haitupiki hata kidogo. Ile 16 ya safu ya shared ndiyo hiyo. Ukiitoa utabaki na 36.6, karibu sawa na available.

Swapu iliyotumika na swapu inayotumika

Kipimo kingine kinachoogofya watu ni "swapu imetumika gigabaiti 1.2". Idadi hiyo inaeleza historia tu. Inawezekana kiini kilitoa kurasa ambazo hazijaguswa tangu seva iwashwe, kikaipa nafasi hiyo kache ya mafaili yenye kazi, na hakuna aliyezidai tena. Hapo swapu imefanya kazi nzuri. Cha kuuliza ni kama kurasa zinapita kwenda na kurudi sasa hivi.

Amri ya vmstat 1 hujibu swali hilo kila sekunde. Upuuze mstari wa kwanza, kwa kuwa ni wastani tangu mashine iwashwe. Kisha tazama safu mbili ziitwazo "si" na "so": ya kwanza ni kinachosomwa kutoka swapu kurudi RAM, ya pili ni kinachotolewa RAM kwenda swapu. Zote zikiwa sifuri kwa muda mrefu, hata swapu ikiwa imejaa nusu, seva haiteseki kwa sababu yake. Safu ya so ikipanda kidogo kisha ikatulia, kurasa zilizopoa zimehamishwa. Lakini safu ya "si" ikikataa kushuka dakika baada ya dakika, kuna mtu anahitaji kurasa zilizotolewa, na kila anapozihitaji anasubiri diski. Hiyo ndiyo hali ya hatari, na huonekana kwenye muda wa majibu ya hifadhidata kabla ya kuonekana kokote.

Ukitaka kujua mchakato gani una kurasa nyingi kwenye swapu, faili la status ndani ya saraka ya mchakato huo kwenye /proc lina mstari wa VmSwap. Na kuanzia kiini 4.20 cha mwaka 2018 kuna faili /proc/pressure/memory linaloeleza ni asilimia ngapi ya muda michakato imekwama ikisubiri kumbukumbu. Ningeweka kengele ya tahadhari kwenye faili hilo kabla ya kuiweka kwenye asilimia ya swapu.

Swappiness haihesabu asilimia ya RAM

Hadithi iliyoenea kuliko zote ni kwamba vm.swappiness ikiwa 60, Linux huanza kutumia swapu RAM ikifika asilimia 60, au ikibaki asilimia 60. Si kweli. Namba hii haihusu kiwango chochote cha ujazo. Inamwambia mgawaji jinsi ya kulinganisha gharama ya aina mbili za kurasa anapolazimika kutoa nafasi: atupe kurasa za mafaili, au apeleke zile zisizo na faili kwenye swapu? Kwenye 100 gharama zinahesabiwa sawa. Kadiri namba inavyoshuka ndivyo kiini kinavyoiona swapu kuwa ghali na kuanza na mafaili. Chaguo-msingi ni 60. Kikomo cha juu kilikuwa 100 hadi kiini 5.8 cha mwaka 2020 kilipoongeza hadi 200, kwa ajili ya vifaa vya swapu vilivyo na kasi kuliko diski ya mafaili.

Kwa nini basi wenye hifadhidata hushusha namba hii? Chukua MySQL inayotumia InnoDB, injini yake ya kuhifadhi data, na kuandika moja kwa moja diskini kwa O_DIRECT, njia inayoiruka kache ya mafaili. Kache yake muhimu iko ndani yake, kwenye eneo la buffer pool, ambalo kwa kiini ni kurasa zisizo na faili. Kache ya mafaili ya mfumo haimfai kwa kiasi kikubwa. Usiku inakuja programu ya chelezo, inasoma gigabaiti 200 za mafaili kwa mpigo. Kiini kinaona mafaili yanasomwa kwa wingi na kurasa za hifadhidata zimetulia kwa kuwa watumiaji wamelala, kikaanza kuzisukuma hizi kwenye swapu ili kutunza nakala ambazo hakuna atakayezisoma mara ya pili. Asubuhi watumiaji wa kwanza wanakuta seva nzito, na saa moja baadaye imejirudi yenyewe bila mtu kugusa kitu. Ukiona mwenendo huo, swappiness ya chini ndiyo mahali pa kuanzia.

Chini kiasi gani? Kati ya 1 na 10 inatosha kwa seva iliyotengwa kwa hifadhidata peke yake. Sifuri ni jambo lingine. Kuanzia kiini 3.5 cha mwaka 2012, sifuri ina maana kwamba kiini hakitaanza kupeleka kitu kwenye swapu mpaka kurasa huru pamoja na za mafaili ziwe zimekaribia kuisha kabisa. Kwa maneno mengine unakiondolea nafasi ya kujinusuru mapema, na wasimamizi wa MySQL waliohamia viini vipya na mpangilio wao wa zamani wa sifuri walishtukia hifadhidata ikiuawa huku swapu ikiwa tupu. Tofauti kati ya 0 na 1 kwenye namba hii ni kubwa kuliko tofauti kati ya 1 na 10.

Ukubwa wa swapu wenyewe hauhitaji maneno mengi. Kanuni ya "mara mbili ya RAM" ilizaliwa enzi za RAM ya megabaiti. Kwenye mashine ya gigabaiti 64 ingekupa swapu ya 128, na kama diski yake inaandika megabaiti 200 kwa sekunde, mchakato uliokosa breki utahitaji kama dakika 11 kuijaza, na muda wote huo seva ipo hai kwa jina tu. Gigabaiti 4 hadi 8 hutosha kuhifadhi kurasa zilizopoa na kukupa muda wa kuona hatari inakuja.

Kumbukumbu ikiisha kweli

Linux hutoa ahadi. Programu ikiomba gigabaiti 10 huambiwa ndiyo, kisha kurasa halisi hutolewa mmoja mmoja pale zinapoguswa kwa mara ya kwanza. Jumla ya ahadi inaweza kuzidi RAM na swapu kwa pamoja, na mara nyingi hakuna madhara, kwa kuwa programu nyingi huomba kuliko zinavyotumia. Siku ahadi zikidaiwa zote kwa pamoja, kiini hakiwezi kurudi nyuma na kusema hapana. Kinachagua mchakato mmoja na kuuua. Kwenye dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kiini, utakuta maneno "Out of memory: Killed process" na jina la aliyeuawa.

Uchaguzi huo huegemea ukubwa: anayekalia kumbukumbu nyingi ndiye mwenye alama kubwa. Kwenye seva ya hifadhidata, mkubwa ni nani? MySQL ni mchakato mmoja, kwa hiyo akiuawa wote wametoka. PostgreSQL ina mchakato kwa kila muunganisho, na mtu anaweza kudhani atapoteza mmoja tu. Lakini mchakato mmoja ukiuawa kwa nguvu, mchakato mkuu hauwezi tena kuiamini kumbukumbu ya pamoja, hivyo hukata miunganisho yote na kuanza urejeshaji. Swali moja zito la ripoti linawaangusha watu wote waliokuwa kazini.

Mpangilio wa vm.overcommit_memory ndio unaotawala ahadi. Thamani 0, ambayo ni chaguo-msingi, hukataa maombi ya wazi kupita kiasi na kukubali mengine. Thamani 1 hukubali kila ombi. Thamani 2 huweka kikomo: swapu yote pamoja na asilimia fulani ya RAM, ambayo kwa kawaida ni 50. Nyaraka za PostgreSQL hupendekeza 2, na sababu yake ni nzito. Chini ya thamani hiyo, swali linalodai kupita kikomo hupata kosa la kukosa kumbukumbu, muamala wake hubatilishwa, na wengine huendelea kama kawaida. Hitilafu humwangukia aliyeisababisha.

Ila usiibandike 2 ukaondoka. Kwenye mashine yetu ya gigabaiti 64 yenye swapu ya 4, kikomo kingekuwa 36, na hifadhidata ingeanza kukataliwa kumbukumbu wakati nyingi ipo. Ukipandisha vm.overcommit_ratio hadi 80 kikomo kinakuwa 55.2. Angalia CommitLimit na Committed_AS kwenye /proc/meminfo kabla na baada. Na hapa mtu aliyezima swapu kabisa amejipunguzia kikomo mwenyewe bila kujua. Redis, hifadhidata inayoweka data zake kwenye RAM, kinyume chake hupendekeza 1, kwa sababu inapohifadhi data kwenye diski hujigawa kuwa michakato miwili, na kwa muda huo kiini huona kama imeomba kumbukumbu maradufu ingawa nyingi ya kurasa hizo zinatumiwa kwa pamoja. Zote mbili kwenye mashine moja? Zitenganishe.

Hesabu inayorukwa

Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi. Chukua karatasi, uandike mashine ya gigabaiti 64, PostgreSQL, miunganisho 300, shared_buffers ya gigabaiti 16, na work_mem, kumbukumbu ya kazi za maswali, ya megabaiti 64.

Wengi husoma work_mem kama kikomo cha kila muunganisho. Ni kikomo cha kila hatua ya kupanga au ya jedwali la heshi ndani ya swali. Swali lenye hatua tatu za aina hiyo linaweza kuchukua 192. Miunganisho 300 ikifanya hivyo kwa pamoja, unahitaji zaidi ya gigabaiti 56 juu ya zile 16. Kuanzia toleo 15, hatua za heshi zinaruhusiwa mara mbili ya work_mem, na wasaidizi wa swali sambamba kila mmoja ana posho yake. Kwa siku za kawaida hutaona kitu, kwa sababu maswali mengi ni madogo. Utaona mwisho wa mwezi ripoti zinapoanza kwa wakati mmoja.

Kisha kuna gharama isiyoandikwa kwenye faili lolote la mipangilio. Kila mchakato huhitaji jedwali la kutafsiri anwani za kurasa unazozitumia, baiti 8 kwa kila ukurasa. Gigabaiti 16 zikigawanywa kwa kilobaiti 4 ni kurasa 4,194,304, sawa na megabaiti 32 za jedwali. Kila muunganisho uliokaa muda mrefu na kugusa sehemu kubwa ya kache hujenga jedwali lake mwenyewe. Zidisha kwa 300: gigabaiti 9 na ushee zimekwenda kwenye orodha za anwani tu. Mstari wa PageTables kwenye /proc/meminfo utakuonyesha kiasi halisi, na ni mstari ambao wasimamizi wachache huufungua.

Ongeza michakato ya usafishaji otomatiki, ambayo kwa kawaida ni mitatu. Ukiipa maintenance_work_mem, kumbukumbu ya kazi za matengenezo, ya gigabaiti 1 kila mmoja, weka 3. Ongeza mfumo wenyewe na programu za ufuatiliaji. Kinachobaki ndicho kache ya mafaili, ambayo PostgreSQL huitegemea sana kwa kuwa husoma kupitia mfumo endeshi. Ndiyo sababu nyaraka zake hupendekeza shared_buffers kuanzia asilimia 25 ya RAM na kutozidi 40. Anayeipa 75 kwa kuiga MySQL anahifadhi data zile zile mara mbili kwenye RAM moja.

MySQL ina hesabu nyingine. Yenyewe yaweza kupewa asilimia 70 au 75, lakini kumbuka kwamba buffer pool huchukua takriban asilimia 10 zaidi ya ulichoandika, kwa ajili ya miundo ya usimamizi. Ukiandika 48 hesabu karibu 53. Kwenye 64 zimebaki 11 kwa ajili ya miunganisho, majedwali ya muda na mfumo. Sort_buffer_size na join_buffer_size, kumbukumbu za kupanga na kuunganisha majedwali, kwa kawaida ni kilobaiti 256. Anayezipandisha hadi makumi ya megabaiti kwa kunakili faili la mtu mwingine anaitafuna hiyo 11 haraka.

Marekebisho yake hayana ufundi mkubwa. Shusha work_mem iwe megabaiti 8 au 16 kwa wote, kisha ipandishe ndani ya kikao cha ripoti peke yake. Weka PgBouncer, programu ya kugawana miunganisho, mbele ya hifadhidata ili watumiaji 300 wapite kwenye miunganisho 40. Kwa miunganisho 40, hata ile work_mem ya 64 na hatua tatu haizidi gigabaiti 7.5, na majedwali ya anwani yanashuka hadi gigabaiti 1.25. Hakuna namba ya swappiness inayoweza kukuokolea kumbukumbu kiasi hicho.

Kurasa kubwa, za aina mbili

Kwa ukurasa wa megabaiti 2 badala ya kilobaiti 4, ile kache ya gigabaiti 16 inahitaji maingizo 8,192 tu. Tatizo la majedwali ya anwani linakwisha. Unazitenga mapema kwa vm.nr_hugepages, unaiambia PostgreSQL huge_pages iwe on, na kuna faida ya ziada: kurasa hizi haziendi swapu kamwe. Weka on badala ya try, ambayo ni chaguo-msingi. Kwa try, zikikosekana hifadhidata huwaka kimya kwa kurasa ndogo, na zile ulizotenga zinakaa bila kumfaa yeyote. Kuanzia toleo 15 kigezo shared_memory_size_in_huge_pages hukuambia idadi kamili inayohitajika. Ukitumia overcommit 2, kumbuka kurasa hizi hutolewa kwenye RAM kabla ya asilimia kupigwa.

Zisichanganywe na zile ambazo kiini hujitungia chenyewe, zinazotawaliwa na faili /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled. Hizo hazihitaji maandalizi, na bei yake hulipwa baadaye: kiini husogeza kurasa huku na huku kutafuta nafasi iliyoungana, na ucheleweshaji hujitokeza bila mpangilio. Redis hupendekeza zizimwe. Hifadhidata ya MongoDB nayo ilipendekeza hivyo kwa miaka mingi, kisha toleo 8.0 la mwaka 2024 likageuza na kutaka ziwashwe, kwa kuwa njia yake ya kuomba kumbukumbu imebadilika. Soma nyaraka za toleo ulilo nalo. Thamani ya madvise, inayozitoa kwa programu inayoziomba tu, ni chaguo la busara pale ambapo hujui.

Data zinazosubiri kuandikwa

Programu ikiandika kwenye faili kwa njia ya kawaida, data hukaa kwanza kwenye RAM kama ukurasa mchafu, kisha kiini huipeleka diskini. Kazi hiyo huanza kimyakimya kurasa chafu zikifika asilimia 10 ya kumbukumbu inayopatikana, na zikifika 20 waandishi wenyewe husimamishwa wasubiri. Asilimia hizi zilifaa mashine ndogo. Kwenye mashine yenye gigabaiti 180 zinazopatikana, asilimia 10 ni 18, na diski ya megabaiti 500 kwa sekunde inahitaji zaidi ya nusu dakika kuimaliza. Hifadhidata ikidai data zake ziandikwe sasa hivi, inajikuta nyuma ya foleni hiyo. Tumia baiti badala ya asilimia: megabaiti 256 za kuanzia na gigabaiti 1 ya kikomo. PostgreSQL tangu 9.6 hujitahidi kusukuma maandishi yake kidogo kidogo, na InnoDB yenye O_DIRECT haipiti njia hii kwa data zake, kwa hiyo faida yake kwa MySQL ni ndogo.

Mashine zenye soketi mbili za prosesa zina mtego wake: RAM imegawanywa kati ya soketi, na mchakato mmoja mkubwa unaweza kujaza upande mmoja ukaanza kwenda swapu wakati upande wa pili una nafasi. Hakikisha vm.zone_reclaim_mode ni 0, na kwa MySQL washa innodb_numa_interleave.

Kwenye kontena, yaani kundi la michakato lililotengwa na kuwekewa mipaka yake, kikomo ni cha kundi, nacho kinajumlisha na kache ya mafaili, ingawa /proc/meminfo huonyesha RAM ya mashine nzima. Hesabu kwa kikomo cha kundi. Ule usemi wa kuzima swapu ulipata nguvu nyingi hapa, kwa kuwa Kubernetes, mfumo wa kusimamia kontena, kwa miaka mingi ilikataa kuwaka kwenye mashine yenye swapu isipokuwa imelazimishwa. Matumizi ya swapu yalianza kuingizwa kwa majaribio toleo 1.22 la mwaka 2021. Lilikuwa sharti la mfumo huo, likanakiliwa hadi kwenye seva zisizouhusu.

Kuandika mipangilio

Kwa mashine yetu ya mfano yenye PostgreSQL, faili kama /etc/sysctl.d/90-hifadhidata.conf lingekuwa hivi:

vm.swappiness = 5
vm.overcommit_memory = 2
vm.overcommit_ratio = 80
vm.dirty_background_bytes = 268435456
vm.dirty_bytes = 1073741824
vm.nr_hugepages = 8400

Kwa namba hizi, kurasa kubwa huchukua gigabaiti 16.4, na kikomo cha ahadi kwa kila kitu kingine ni kama 42. Namba ya 8400 ni ya kukadiria. Chukua ile unayopewa na hifadhidata yako. Amri ya sysctl -w hubadilisha kwa muda tu, na mashine ikiwashwa upya mabadiliko yamepotea. Kama seva inaendesha tuned, huduma inayoweka mipangilio ya mfumo yenyewe, thibitisha kwamba wasifu wake hauandiki juu ya thamani zako. Wasifu wa throughput-performance, kwa mfano, huweka swappiness 10 na kikomo cha kurasa chafu asilimia 40.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, na uache kipite kwenye mzunguko mzima wa kazi: chelezo za usiku, ripoti za mwisho wa mwezi, usafishaji wa majedwali makubwa. Na kama bado umeamua kuondoa swapu, usiendeshe swapoff -a wakati wa kazi. Amri hiyo hulazimika kurudisha kwenye RAM kila ukurasa uliomo ndani ya swapu, na ikiwa RAM ilikuwa imebana, unaweza kusababisha mauaji yale yale uliyokuwa ukiyakimbia. Angalia kwanza kama available inazidi kwa mbali kiasi kilichomo kwenye swapu. Kama haizidi, punguza miunganisho au subiri usiku.